Soketi za jikoni na nje zimekufa, taa zinawaka: tuanzie wapi kwenye trela?

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi na mume wangu tumenunua trela ya mtumba ya kuishi, futi 26, ya umeme wa ampia 30. Tumeiegesha kwenye kambi ya trela hapa Texas, si mbali na Houston. Tangu Jumapili soketi mbili za jikoni na ile ya nje chini ya turubai hazina umeme. Ya chumbani inafanya kazi. Taa zote zinawaka, pampu ya maji inavuta, friji inapoza, kiyoyozi kinapuliza. Breka nimeziangalia, hakuna iliyoshuka. Mume wangu, ambaye kwao Tanga alikuwa akijifanyia mwenyewe umeme wa nyumba, anataka kununua soketi mpya abadilishe zote tatu wikendi hii. Abadilishe? Na kwa sasa naweza kuvuta ekstensheni kutoka chumbani nipikie kwa jiko la umeme la sahani moja?

Jibu: Dada, mwambie shemeji asinunue kitu kwanza. Soketi tatu hazifi siku moja kila moja kwa ugonjwa wake. Zikizimika pamoja, kuna kitu kimoja nyuma yao kilichoacha kuzipa umeme, na kwenye trela kitu hicho mara nyingi kipo bafuni.

Nenda bafuni uangalie ukutani pembeni ya kioo, au chini ya kabati la kioo. Tafuta soketi yenye vitufe viwili katikati, kimoja kimeandikwa TEST na kingine RESET. Bonyeza RESET kwa nguvu ya kidole gumba mpaka usikie "tak" na kitufe kibaki ndani. Kisha chomeka chaja ya simu jikoni. Simu ikianza kuchaji, ulikuwa na tatizo la kawaida kuliko yote kwenye magari haya, na kilichobaki ni kujua kwa nini ilikata.

Soketi hiyo inaitwa GFCI. Kwetu Tanzania kifaa cha kazi hiyohiyo hukaa kwenye meni swichi, na hukata nyumba nzima umeme unapovuja kufikia miliampia 30. Hapa Marekani kimewekwa ndani ya soketi yenyewe, na kinakata mapema zaidi, kwenye miliampia 4 hadi 6. Kinalinganisha umeme unaokwenda kwenye waya wa moto na ule unaorudi kwenye nyutro. Unaorudi ukipungua, maana yake sehemu yake imepita pengine, labda kwenye mwili wa mtu aliyeshika birika kwa mkono wenye maji, basi kinakata papo hapo. Kanuni ya umeme ya Marekani, NEC, ina ibara nzima ya magari ya namna hii, ya 551, na inataka ulinzi huo kwenye soketi za bafuni, za karibu na sinki na za nje.

Sasa mtengenezaji wa trela hataki kubeba gharama ya soketi tatu za namna hiyo wakati moja inatosha. Anaweka moja bafuni, na kutoka mgongoni mwake anavuta kebo hadi jikoni, kisha nje, wakati mwingine hadi kwenye meza ya kulia. Soketi za huko mbele zinaonekana za kawaida kabisa, hazina kitufe wala taa, wala hakuna kitu kinachokuambia zinalishwa kutoka chooni. Ni bomba la mtaa hili: aliye juu akifunga koki, wa chini wote mnabaki na ndoo. Ya chumbani kwako haikuguswa kwa sababu ipo kwenye mstari mwingine.

Kama bafuni huioni, usikate tamaa. Nimezikuta nyuma ya televisheni, ndani ya kabati la chini ya sinki, na hata kwenye stoo ya nje ya kuwekea mabomba, nyuma ya makorokoro ya mwenye trela wa kwanza. Trela chache hazina kabisa soketi ya namna hiyo. Badala yake kuna breka yenye kitufe cha TEST kwenye sanduku la umeme, inayofanya kazi ileile.

Turudi kwa vitu ulivyonitajia kwamba vinafanya kazi, kwa sababu vingine vinakudanganya. Trela ina umeme wa aina mbili. Taa, pampu ya maji na feni ya hita vinatumia volti 12 za betri. Soketi, maikrowevu na kiyoyozi vinatumia volti 120 kutoka kambini. Kati yao kuna kifaa kinachoitwa konveta, kinachogeuza 120 kuwa 12 na kuchaji betri. Kwa hiyo unaweza kuchomoa waya wa kambi kabisa na taa zikaendelea kuwaka hadi betri iishe. Taa kuwaka hakusemi lolote kuhusu soketi.

Friji nayo ni shahidi wa kutiliwa shaka. Friji nyingi za trela zinatumia umeme au gesi, na zikiwekwa kwenye hali ya kujichagulia, umeme ukikatika zinahamia gesi zenyewe bila kukuambia. Unaona maziwa ni ya baridi, unadhani umeme upo. Shahidi wa kweli katika orodha yako ni kiyoyozi. Hicho hakina pa kujificha, kinahitaji volti 120, na kama kinapuliza baridi, basi umeme wa kambi unaingia vizuri na breka kuu ipo sawa. Umeshafuta nusu ya kazi kwa sentensi moja.

Kuhusu breka, nakuamini uliziangalia, lakini breka hizi ndogo haziangaliwi kwa macho. Ikikata, kijiti chake hakishuki hadi chini kama mlivyozoea. Kinasimama katikati, na kwenye sanduku la trela tofauti ya katikati na juu ni ya milimita chache. Pitisha kidole juu ya kila kijiti. Kilichokata utakisikia kimelegea, kinacheza. Usikisukume juu moja kwa moja, hakitashika. Kishushe kwanza hadi chini kabisa, kisha kipandishe. Angalia hasa ile iliyoandikwa GFI au GFCI. Upande wa pili wa sanduku hilohilo utaona fyuzi ndogo za rangi kama za gari; hizo ni za volti 12, hazihusiani na soketi zako, ziache.

Tukirudi kwenye kitufe cha RESET, kitakujibu kwa njia tatu, na kila jibu linakupeleka kwake.

Jibu la kwanza, kinashika na kubaki. Vizuri. Basi kuna kitu kilivuja. Umesema tangu Jumapili, nami ningeuliza kama Jumamosi usiku ilinyesha, au kama kuna mtu aliosha trela kwa bomba la presha. Soketi ya nje ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Kifuniko chake cha plastiki hupauka na kupasuka kwa jua la Texas, raba ya nyuma hukauka, na maji yakiingia humo yanatosha kuikata ile ya bafuni. Sisimizi na nyigu nao hupenda kujenga humo. Chomoa waya wa kambi, fungua kifuniko, angalia kama kuna unyevu au ukungu wa kijani kwenye vyuma. Acha ikauke siku nzima, na ukiona kijani, hiyo moja ndiyo shemeji ana ruhusa ya kuinunulia mpya, ya aina inayostahimili mvua, pamoja na kifuniko kipya.

Jibu la pili, kinalia "tak" kisha kinakata palepale au baada ya sekunde chache. Uvujaji bado upo. Chomoa kila kitu kilichochomekwa kwenye soketi zile tatu na ile ya bafuni, pamoja na taa za mapambo za nje na friji ndogo ya bia ya chini ya turubai, kama ipo. Jaribu tena. Ikishika, rudisha kifaa kimojakimoja hadi mkosaji ajitaje. Birika za umeme na majiko ya sahani yaliyoingiwa maji ndiyo hujitaja zaidi. Ikikata hata bila kifaa chochote, kosa lipo kwenye waya au kwenye soketi za mbele. Jambo moja watu hulisahau: kwenye baadhi ya trela, soketi ya friji iliyofichwa nyuma ya mlango wa matundu wa nje nayo hulishwa kutoka kwenye mstari huu, na koili ya friji ikizeeka huvuja kidogokidogo. Fungua mlango ule, chomoa plagi ya friji, ujaribu.

Jibu la tatu, kitufe hakilii wala hakishiki, unabonyeza tu kama unabonyeza ukuta. Hapo ama umeme haukifikii, ama chenyewe kimekufa. Soketi za GFCI zilizotengenezwa tangu katikati ya mwaka 2015 hujipima zenyewe, na zikigundua zimeharibika hukataa kabisa kurudi. Hilo ni jema, ingawa linamchanganya mtu. Ili kujua ni lipi kati ya hayo mawili, lazima upime.

Kwa kupima, shemeji aweke pembeni ile testa ya bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini. Najua ameishi nayo, nami niliishi nayo. Kasoro yake ni kwamba inakuonyesha waya wa moto tu, na kwa volti 120 kitaa chake huwaka hafifu kiasi kwamba mchana hukioni. Tena kwenye trela tatizo mara nyingi lipo kwenye nyutro, na testa ile ikiguswa kwenye soketi isiyo na nyutro itawaka kwa furaha na kukuambia kila kitu ni salama. Nunueni mita ya kawaida ya kupimia umeme. Hata ya bei nafuu inatosha, mradi iwe imeandikwa CAT III, ambayo ni alama ya daraja la usalama wa mita.

Weka mita kwenye V yenye alama ya wimbi, siyo ile yenye mstari ulionyooka, na kama inataka uchague kipimo, chagua kilicho juu ya 200. Hakikisha waya mwekundu wa mita haupo kwenye tundu lililoandikwa 10A; ukipima volti ukiwa pale unapiga shoti mikononi mwako mwenyewe. Anza na soketi ya chumbani inayofanya kazi, ili ujue mita yako ni nzima na unajua inasoma nini.

Soketi ya hapa ina matundu matatu. Mpasuko mfupi ni waya wa moto, mpasuko mrefu ni nyutro, tundu la duara ni ethi. Kati ya mfupi na mrefu utegemee kama 120; kati ya 114 na 126 usijali. Kati ya mfupi na duara, namba hiyohiyo. Kati ya mrefu na duara, karibu na sifuri. Sasa hamia iliyokufa.

Ukipata sifuri pande zote, waya wa moto haufiki. Rudi nyuma kwenye ile ya bafuni upime mbele yake, kisha kwenye breka.

Ukipata 120 kati ya mfupi na duara, lakini sifuri au namba ya ajabu kama 40 kati ya mfupi na mrefu, nyutro imekatika mahali. Hii ndiyo hali ninayotaka mwiogope, maana soketi inaonekana imekufa na haijafa. Mkiacha kifaa kimechomekwa humo, umeme unapita ndani ya kifaa na kutokea upande wa pili, na waya ambao mngedhani hauna kitu unakuwa na volti 120 unaingoja mkono. Hizo namba za ajabu nazo zisiwape kichwa kuuma. Mita za kidijitali zinanusa umeme wa waya wa jirani na kuandika namba isiyo na nguvu nyuma yake. Chomeka taa ya meza ya balbu ya kawaida halafu upime tena. Namba ya uongo itaanguka hadi sifuri.

Ukipata 120 kati ya mfupi na mrefu lakini sifuri kati ya mfupi na duara, ethi ndiyo imekatika. Soketi itafanya kazi, chaja itachaji, na hamtajua lolote mpaka siku kitu kivuje. Hilo nalo ni la kutengenezwa.

Hapa nataka kuzungumza na shemeji mwenyewe, kwa sababu uzoefu wake wa Tanga unaweza kumponza. Shemeji, nyumba nyingi za zamani kwetu zimefungwa nyekundu kuwa moto na nyeusi kuwa nyutro, na mpya zinatumia kahawia na bluu. Marekani nyeusi ndiyo moto. Nyutro ni nyeupe, ethi ni waya mtupu au wa kijani. Mkono uliozoea kushika nyeusi bila wasiwasi utashika moto. Halafu kuna mtego wa pili kwenye trela: upande wa betri, nyeusi mara nyingi ndiyo chanya na nyeupe ndiyo hasi, kwa hiyo nyuma ya ukuta mmoja unaweza kukuta nyeusi mbili, moja ya volti 12 na nyingine ya 120. Usiunganishe waya kwa kufuata rangi peke yake. Fuata kebo hadi inakotoka, na pima.

Jambo la pili, soketi za huku hazina swichi. Kwetu ukizima swichi ya soketi unajiona salama, ingawa hata kule si salama ya kutosha. Huku kabla ya kufungua chochote unatoka nje, unazima breka ya kwenye nguzo ya kambi, unachomoa ule waya mkubwa, na plagi yake unaiweka mahali unapoiona, ili mtu mwema asije akakuchomekea akidhani umesahau. Kama trela ina jenereta au inveta ya kugeuza umeme wa betri kuwa 120, nazo zizimwe. Kisha pima tena pale unapotaka kugusa.

Ukifungua soketi ya trela utashangaa. Huenda usikute kisanduku ukutani, wala skrubu za kufungia waya. Ukuta wa trela ni mwembamba, kwa hiyo viwandani wanatumia soketi zisizo na kisanduku: kebo nzima inalazwa mgongoni, kifuniko cha plastiki kinabanwa kwa mashine, na meno madogo ya chuma yanatoboa plastiki ya waya na kuuma shaba ndani. Inafungwa kwa sekunde chache, ndiyo maana wanaipenda. Inaruhusiwa kisheria, na kwa taa ya kusomea haina neno. Ila trela inatembea. Kila kilomita ya barabara ya mashimo inatikisa meno hayo, yanalegea kiasi cha unywele, halafu mtu anakuja kuchomeka hita ya wati 1,500 usiku kucha, ampia 12 na nusu zinapita kwenye mguso wa unywele. Panapata joto, plastiki inakuwa ya njano kisha kahawia, na kabla moshi haujaonekana kuna harufu ya ajabu inayofanana na samaki. Mkiisikia harufu hiyo ndani ya trela na hakuna samaki anayepikwa, zimeni breka kuu kwanza, mtafute baadaye.

Kwa hiyo kama RESET imeshika na soketi ya kwanza ya jikoni inafanya kazi ila ya pili na ya nje bado, usikimbilie zilizokufa. Fungua ya mwisho iliyo hai na ya kwanza iliyokufa. Mguso uliolegea upo kwenye moja ya hizo mbili, au kwenye kebo iliyo kati yao. Mafundi wengi wanabadilisha iliyokufa, haiwaki, wanabadilisha inayofuata, kumbe ubovu ulikuwa mgongoni mwa ile iliyokuwa inawaka muda wote.

Ikiwa imeungua au imelegea, usiibane upya kwa plaizi ukairudisha. Meno yaliyokwisha kufunguliwa hayaumi tena kama mwanzo. Una njia mbili. Ununue nyingine ya aina hiyohiyo, ukate kipande cha kebo kilichotobolewa ili meno mapya yaume shaba mpya, na ubane kifuniko hadi ndoano zote zishike. Au, nami ndiyo ninayoipenda, uweke kisanduku kifupi cha kupachika kwenye ukuta uliokwisha jengwa, na soketi ya kawaida ya skrubu: nyeusi kwenye skrubu ya rangi ya shaba, nyeupe kwenye ya fedha, waya mtupu kwenye ya kijani. Pima kina cha ukuta kabla ya kununua kisanduku, maana kisanduku cha nyumba ya kawaida kitatokea upande wa pili. Zile tundu za nyuma za kuchomeka waya bila skrubu ziache. Zina ugonjwa uleule tunaoukimbia.

Na kama ni GFCI yenyewe imekufa, nyuma yake imeandikwa LINE na LOAD. Kebo inayotoka kwenye breka inaingia LINE, inayokwenda jikoni inaingia LOAD. Mkizigeuza, ya kisasa haitawaka kabisa. Piga picha kabla ya kufungua waya, na uweke alama ya tepu kwenye ile inayoleta umeme. Kuna faida nyingine hapa: ukiacha LOAD tupu kwa muda na RESET ikashika, umethibitisha kwamba uvujaji upo mbele, na kwamba soketi ya bafuni haina kosa.

Mahali pa kuacha na kuita mtu ni hapa: ukiona waya ndani ya sanduku la breka umebadilika rangi, ukisikia breka inanguruma, au kebo imekatika ndani ya ukuta mahali usipofikia. Na mkigusa mlango au ngazi ya trela mkiwa peku mkasikia umeme unachoma hata kidogo, msiguse tena. Nendeni kwenye nguzo mzime breka hapo. Hiyo ni trela yenye umeme kwenye bodi lote kwa sababu ethi imekatika, na haingoji wikendi. Mafundi wa trela wanaokuja mpaka kambini wapo wengi Texas, na chuo kimoja kikubwa cha kuwafundisha, National RV Training Academy, kipo Athens, katika jimbo hilohilo lenu. Muulize atakayekuja alisomea wapi.

Kuna jambo hukuuliza, lakini kwa kuwa mmezoea volti 230 nitalisema. Siku mkihama kambini mkaenda kukaa kwenye uwanja wa ndugu, atasema atawaita fundi awawekee soketi ya ampia 30. Fundi wa majumbani akisikia ampia 30 na pini tatu, kichwani kwake inakuja mashine ya kukaushia nguo, na hiyo ni volti 240. Atafunga hivyo, na kwa macho yenu 240 itaonekana ni umeme wa kawaida kabisa. Mkichomeka, maikrowevu, konveta na televisheni vitaondoka kwa pamoja. Soketi ya trela ya ampia 30 inaitwa TT-30, na ni volti 120. Pimeni kwa mita kabla ya kuchomeka, hata kama fundi ana miaka mingi kazini.

Sasa ekstensheni. Kwa simu, laptopu na taa, vuta bila wasiwasi. Kwa jiko la sahani, hapana. Mstari wa chumbani huenda ni wa ampia 15, jiko linaweza kuvuta hadi 12, na soketi yenyewe huenda ni ya yale meno niliyoyaeleza, tena yenye umri uleule wa trela. Waya mwembamba wa dukani uliopita chini ya zulia utapata joto kabla ugali haujaiva. Halafu kumbuka trela yote ina ampia 30 tu, yaani wati 3,600. Kiyoyozi peke yake kinakula karibu nusu, konveta inachukua chake, ukiwasha jiko na maikrowevu pamoja breka ya kwenye nguzo itakuzimia kila kitu. Hadi shemeji amalize kupima, pika kwa jiko la gesi la trela, ufungue dirisha na kuwasha feni ya juu ya jiko. Maikrowevu ina soketi yake ndani ya kabati na kwa kawaida mstari wake wenyewe, kwa hiyo itumie. Ila kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, usiiwashe sambamba na kitu kingine cha joto.